Siku Tuliyozima Majiko ya Idi

Mchele nilikuwa nimeshauchagua tangu jana yake, nikauchagua tena. Wifi yangu Salma, dada wa mume wangu, alinikuta uani na ungo mapajani akacheka, akasema watu wa milimani tunatafuta mawe hata mahali Mungu hakuyaweka. Nilimwambia siku jino la mkwe wake litakapovunjikia kwenye pilau ndipo atanikumbuka. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, siku mbili kabla ya Idi kubwa, katika kijiji chetu cha wakulima wa mpunga, si mbali na Dakawa. Kitu pekee kilichonitia wasiwasi ni kama masufuria ya msikitini yangetosha.

Mwaka ule zamu ilikuwa yetu. Pale kwetu Idi kubwa haikupikwa kila mtu na jiko lake. Nyumba moja ilibeba karamu ya mtaa mzima, wakaja ndugu, wakaja majirani, wakaja walimu wa shule, hata wenye Krismasi yao wakaja, na mwaka uliofuata mzigo ukahamia nyumba nyingine. Nilitaka yangu isemwe. Nilikuwa nimepanda mpaka Kinole kwa mama yangu kuchukua mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kwa sababu viungo vya kusagwa vya dukani siviamini. Nilikuwa pia nimeshagombana na Salma juu ya tui la nazi, ambalo yeye alilitaka kwenye pilau na mimi sikulitaka. Nilishinda mimi. Vitunguu vyote nikampa yeye avimenye, na hajanisamehe mpaka leo.

Nyama ilikuwa kazi ya mume wangu, Shaabani. Yeye ndiye aliyekuwa mchinjaji wa kijiji, na hata mnadani wafugaji walimtaka yeye, kwa kuwa kisu chake kilikuwa kikali na mkono wake haukusita. Dume la Idi alikwenda kulichagua mwenyewe bomani kwa Lemayani, mfugaji rafiki yake wa miaka mingi. Mpango ulikuwa alale huko, na asubuhi alilete kwa mguu, taratibu. Hakukubali ng'ombe wa kuchinjwa akimbizwe wala apakiwe kwenye gari. Alisema mnyama akichoshwa au akitishwa nyama yake inakuwa nyeusi na ngumu, na karamu inaharibika kabla sufuria halijapanda jikoni. Basi alasiri ile akaondoka na shati lake la kijivu, nami nikamwambia asidanganywe na pembe, aangalie mapaja.

Maneno yalikuwepo, sitasema hayakuwepo. Miezi ile ng'ombe walikuwa wameingia mpungani mara kadhaa. Vijana wetu walikuwa wamewakata ng'ombe mapanga, na vijana wa wafugaji walikuwa wamempiga mlinzi wa shamba kwa fimbo mpaka akazirai. Vikao vilikaa, vikaisha bila kitu. Lakini Shaabani na Lemayani waliendelea kutembeleana, na mimi nilijiambia kwamba mambo ya Idi hayahusiani na mambo ya mpunga. Nilijipa moyo hivyo kwa sababu nilikuwa na karamu ya kupika.

Asubuhi ya siku ya pili majiko yaliwaka mapema. Salma alikaanga vitunguu vya pilau, mimi nikakaanga maandazi, na moshi ulikuwa mwingi mpaka tunapishana kwa kuulizana nani yuko wapi. Nyumba za jirani nazo zilikuwa zinapika. Kila nikigeuza maandazi nilitazama njia. Dume lilipaswa kufika kabla jua halijawa kali, na jua lilikuwa limeshaanza kuwa kali.

Tukasikia yowe.

Lilitokea mashamba ya chini. Likapokewa na nyumba za katikati, kisha na kijiji kizima. Wanaume walipita wakikimbia na mapanga, wengine na mishale, mmoja na gobole la babu yake. Kijana mmoja alituambia, bila kusimama, kwamba ng'ombe wameingizwa tena mpungani, na aliyekwenda kuwatoa amechomwa mkuki, amekufa.

Nilimwuliza kama wamemwona Shaabani. Alikuwa ameshapita.

Mzee Kibwana, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alikuja nyumba kwa nyumba. Hakupaza sauti. Alisema, "Zimeni majiko yote. Moshi unawaonyesha tulipo. Chukueni watoto mwende shuleni."

Tulizima. Nilimwaga ndoo nzima kwenye jiko la maandazi, Salma akamwaga kwenye la vitunguu. Kila nyumba ilifanya hivyo. Mafuta kwenye karai yalikuwa bado yanachemka.

Nilimkabidhi Salma watoto wangu. Shuleni sikwenda. Njia ya kutoka bomani ilifuata ukingo wa mfereji, na nilijua Shaabani hana njia nyingine ya kumpitisha ng'ombe. Nikaingia kwenye matete karibu na daraja.

Sikuweza kutulia. Nilichuchumaa, nikainuka, nikachuchumaa tena. Gobole lililia huko mbali, kisha kimya.

Kundi la wanaume wetu likaja kusimama darajani. Niliwajua wote. Kesho yake walikuwa waje kula kwangu.

Kisha nikaona shuka nyekundu.

Lemayani alikuwa mbele, anatembea polepole, na dume linamfuata. Lilikuwa dume kubwa, jeusi. Nyuma yake sikuona mtu.

Wa darajani nao hawakuona mtu.

Nilitoka kwenye matete. Nilipiga kelele kwamba ni Lemayani, ni mgeni, ni dume la Idi. Walikuwa wameshaanza kukimbia, na kelele zao zilizidi zangu.

Shaabani alitokea nyuma ya ng'ombe, mikono juu. Alikuwa anawaita kwa majina, mmoja mmoja.

Walimsikia wamechelewa.

Lemayani hakuwa hata ameinua fimbo yake.

Mchana polisi walifika kwa magari, watu wakatawanyika, na mwili wa Lemayani ukachukuliwa kupelekwa hospitali mjini. Dume lilibaki ukingoni linakula majani. Hakuna aliyethubutu kulikaribia mpaka Shaabani alipoishika kamba yake, akalileta, akalifunga nyuma ya nyumba yetu. Mimi nililia kwa furaha kwamba mume wangu amerudi. Nilipogundua kwamba ninalia kwa furaha nilijiona sina haya. Nilimlilia na Lemayani pia, siku ileile, kwa machozi yaleyale, na sikuweza kujua yapi ni ya nani.

Idi iliswaliwa na watu wachache. Baada ya swala wazee walimjia Shaabani, wakamwambia kwa upole kwamba dume ni lake kwa haki, watoto wana njaa, achinje. Alikataa. Wakasema basi achinje mtu mwingine. Akajibu kwamba atakayetaka kulichinja aanze na yeye. Ndivyo alivyosema mtu mpole yule, na wazee wakaondoka wakitazamana. Karamu yangu niliyoipanga kwa wiki nzima ikawa maandazi ya jana na chai ya rangi, na viungo vya Kinole havikutoka kwenye kopo.

Polisi waliporuhusu watu kupita, Shaabani akasema analirudisha dume bomani. Ndugu zake walimkataza, wakamwambia huko atachinjwa yeye. Nilikwenda naye. Si ushujaa, ni kwamba kumngoja tena nisingeweza. Njiani nilimwomba mara mbili turudi, naye hakugeuka. Vijana wa boma walitutazama kwa macho makali, lakini walitupisha.

Mama yake Lemayani alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake. Shaabani alimwinamishia kichwa, kama vijana wa pale wanavyowaamkia wakubwa, naye akamgusa utosini. Halafu akamwuliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Nilimwambia akusindikize mpaka uone moshi wa kwenu, kisha arudi. Kwa nini alifika darajani?"

Ndipo nikaijua desturi yao. Wakati wa mashaka mgeni haachwi njiani, husindikizwa mpaka aone kwa macho yake moshi wa majiko ya kwao. Akishauona, aliyemsindikiza ana ruhusa ya kugeuka.

Nikajibu mimi.

"Hapakuwa na moshi, mama. Tulikuwa tumezima majiko."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akaangalia pembeni. Hakutufukuza. Alitupa maziwa, tukanywa, na dume likaingizwa zizini pamoja na wengine.

Baadaye sana Shaabani alinisimulia. Habari za ugomvi ziliwakuta njiani, na Lemayani ndiye aliyeamua kutangulia mbele, ili wakikutana na vijana wa kwao waione shuka kwanza. Walipofika kwenye kona ya mfereji, mahali ambapo siku yoyote nyingine ungeuona moshi wa kijiji chetu, walisimama wakatazama. Shaabani alimwambia inatosha, arudi. Lemayani akasema bado. Wakatembea kidogo, wakasimama, wakatazama tena.

Sijilaumu. Mzee Kibwana naye simlaumu. Alitaka kutuokoa na huenda alituokoa kweli. Nimelitazama jambo hili kila upande, nikiwa shambani, nikiwa nafua, na sijapata mtu mmoja ambaye ningemchukia nikapumzika. Hata wale wa darajani walikuwa wametoka kumwona mwenzao amekufa. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote.

Siku hizi tunaishi Kinole, kwenye shamba la ukoo wa mama yangu, maana kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama na mwanamke ana pa kurudi. Napika Idi kila mwaka. Napika nyingi, naita watu wengi, na siketi. Wageni husema, mama Zuhura, keti ule nasi. Naketi, naamka, nakwenda kuangalia jiko ambalo halihitaji kuangaliwa. Nyama tunainunua buchani, kwa kuwa Shaabani hajashika kisu cha kuchinjia tangu mwaka ule. Yeye anakula wali na kachumbari, nyama anaisogeza pembeni ya sahani, na watoto wetu wamezoea kuichukua bila kumwuliza.

Kuna siku moja zaidi ambayo siwezi kuiacha, nayo ni siku ya kikao cha suluhu kule kijijini, kabla hatujahama. Turubai lilifungwa kwenye uwanja wa shule, wakaja viongozi kutoka wilayani, wazee wetu wakakaa upande mmoja na wazee wa wafugaji upande mwingine. Wafu walitajwa kwa sauti, wa kwetu kwanza, kisha wa kwao, na kila jina liliombewa dua. Lemayani hakutajwa. Wa kwetu walisema alikufa akija kutushambulia. Vijana wa kwao walisema alikufa akimhudumia mkulima, basi wakulima wenyewe wamtaje. Mama yake alikuwa amekaa safu ya mbele, upande wa pili, na kila jina lilipotajwa niliona anainua kidevu.

Walipomaliza majina Shaabani akasimama. Si mtu wa kusema mbele za watu, hata mahari yangu alisemewa na kaka yake. Mikono akaishika nyuma.

Alisema, "Kuna mmoja hamjamtaja. Anaitwa Lemayani. Alikuwa ananisindikiza nyumbani. Mimi nilifika, yeye hakurudi. Waliomuua wamo humu, na wananijua."

Wanaume wa darajani walitazama chini. Msimamizi wa kikao alimshukuru, akasema neno lake limesikika, akamwomba aketi ili waendelee na suala la fidia ya ng'ombe.

Shaabani hakuketi. Wakaanza kuzungumzia ng'ombe, yeye amesimama. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nikainuka. Wenzangu walinivuta kanga nikae, nikaitoa kanga mikononi mwao. Ng'ambo ya pili mama yake Lemayani akaishika fimbo yake, akainuka naye, taratibu, na sisi watatu tukasimama hivyo mpaka kikao kilipokwisha.