Santuri ya Mkono na Miguu ya Dada Koku

Nikinusa kahawa iliyoanikwa juani, ile nyekundu inayogeuka nyeusi huku ikitoa harufu tamu ya kuchachuka, papo hapo masikio yangu husikia muziki. Si ugonjwa. Ni msimu mmoja wa miaka ya themanini ulionikalia kichwani na kukataa kuhama. Kwetu Ihanda, kijijini Kagera, mwaka ule mibuni ilizaa mpaka matawi yakalala chini. Nikisema tulivuna hata usingizini, nimepunguza. Mikeka ya kahawa ilijaa uwani ikamwagikia njiani, kuku wakakosa pa kukanyaga, na mgeni aliyekuja kusalimia alilazimika kutoa shikamoo akiwa barabarani. Ndipo Baba, mtu ambaye hakununua jembe jipya kabla ya kuliomboleza la zamani, alipotangaza tukiwa tunakula kwamba mwaka huu nyumba yake itakuwa na santuri yake yenyewe.

Walio wadogo hawawezi kujua santuri ilikuwa nini kwetu. Harusi zilipangwa baada ya mavuno, na harusi bila santuri ilikuwa kikao tu cha watu walioshiba. Umeme hatukuwa nao. Mashine zilikula betri kubwa kama za tochi, tena zilizila kwa uchu. Mpaka mwaka ule tulitegemea mashine ya jirani, ya kuendeshwa kwa mkono: unainua ule mkono wake mwembamba wenye sindano, unautua polepole pembeni mwa sahani ya muziki, wimbo unaanza. Ukiisha usipowahi kuuinua, sindano inabaki ikikwaruza katikati, kwaa, kwaa, kwaa, na wazee wanatazamana kana kwamba bibi harusi amezimia. Kazi hiyo hukuweza kuwaachia vijana waliokwisha kuonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu kijana aliyeonja rubisi hutua sindano kama anayepanda mihogo. Ilitaka mkono mtulivu, na mkono mtulivu kuliko yote kutoka Ihanda hadi Nyaishozi ulikuwa wa dada yangu Kokushubira. Dada Koku angeweza kuitua sindano juu ya mgongo wa nzi, na nzi asiamke.

Sifa hiyo ndiyo iliyomfunga. Kila harusi wenye shughuli walimwekea kigoda kando ya mashine, na hapo alikaa tangu wimbo wa kwanza hadi watu walipotawanyika, akiwachezesha wenzake. Na siku zile msichana alionekana uwanjani kwenye muziki, si kwingine. Akina mama wenye vijana wa kuoa walijipanga migongo ukutani wakatazama miguu, mabega na adabu, na kesho yake maneno yakaanza kutembea. Koku alikuwa mchezaji hasa. Mimi mdogo wake nilimwona nyuma ya nyumba, kati ya migomba, akicheza na ndoo ya maji kichwani bila kuishika, na tone lisidondoke. Lakini nani mwingine alimwona? Migomba haiposi mtu. Wasichana wa rika lake walikwisha kuolewa karibu wote, hata wale waliocheza kama watu waliokanyaga siafu. Kwa hiyo Baba alipotaja santuri, Koku aliacha kula.

"Baba," alisema taratibu, "kuna zinazojiendesha. Wimbo ukiisha, mkono unarudi wenyewe mahali pake. Hakuna haja ya mtu kukaa nayo."

Baba alisema tutaona.

Tulikwenda mjini Omurushaka sote wanne, Baba akisukuma baiskeli ambayo hakuna aliyeipanda, maana aliitunza kwa safari ya kurudi. Mwenye duka, Bwana Deo, Mhaya kutoka Muleba mwenye maneno laini kama siagi, alizipanga mashine mbili juu ya meza. Zote zilikuwa za watu wa hali yetu, za wanaoanza, mfuniko wa plastiki na spika moja. Baba alizikagua kwa muda ambao mkungu mbichi ungeiva. Hakujua santuri, ila alijua kahawa, na kahawa ikitaka kujulikana kama imekauka huwa inatikiswa sikioni: ikilia, imekauka. Basi akaiinua mashine ya kwanza, akaitikisa sikioni. Kimya. Akaitikisa ya pili, ile ya kujiendesha. Ndani kitu kikalia, cheke cheke.

"Hii imekauka kupita kiasi," akasema.

"Mzee wangu, usizitikise!" Bwana Deo alizikumbatia zote mbili kama mtu anayeokoa watoto. "Sikiliza. Hii ya mkono haina mambo mengi. Ikiharibika, hata fundi baiskeli ataitazama. Hii nyingine ndani ina vigurudumu kama saa, na betri inazimaliza upesi. Lakini ona kazi yake."

Akaweka sahani, akabonyeza. Mkono ukainuka wenyewe, ukasogea, ukatua. Wimbo ulipokwisha ukainuka tena, ukarudi ukalala, tik. Baba aliruka nyuma mpaka akaangusha rundo la sufuria.

"Nani kaigusa?"

"Hakuna, mzee. Imejua yenyewe kwamba wimbo umeisha."

"Leo imejua wimbo umeisha. Kesho itajua nini?"

"Itajua mgeni amechoka na anataka kuaga," Mama alidakia. "Wewe hilo hujalijua mpaka leo."

Duka zima lilicheka, hata mteja aliyekuja kununua chumvi akasahau chumvi. Koku hakucheka. Alikuwa ameuangalia ule mkono ukirudi wenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango. Baba alitafakari, akauliza habari za betri, akauliza habari za mafundi, na haki tumpe, maswali yalikuwa ya maana. Kisha akaweka kiganja juu ya ile ya mkono. "Tunachukua hii," akasema, akamgeukia binti yake kwa fahari. "Mkono wa kuiendesha tunao nyumbani." Alidhani amemsifu. Baiskeli akahofu ingeitikisa, kwa hiyo njia nzima Koku aliibeba mashine kichwani bila kuishika.

Harusi ya kwanza tuliyopeleka mashine yetu ilikuwa ya majirani, alasiri, uwanja umefagiwa ukang'aa. Kigoda kikaletwa, Koku akakaa. Baba alistarehe na mrija wake wa rubisi, mtu mwenye mashine na binti, vyote mahali pake. Jambo ambalo hakulipigia hesabu ni kwamba anayetaka wimbo lazima amwombe mpiga santuri, na kumwomba lazima uiname, maana kigoda ni kifupi. Vijana waliinama. Waliinama mpaka nikahofia migongo yao. Wa kwanza alitaka wimbo wa gitaa, wa pili akasahau alichotaka. Mwishoni akaja Faustini, kijana ambaye wazazi wake walitoka Rwanda na ambaye alilima vibarua kwenye mashamba ya watu, mpole, mrefu, asiyejua kucheza hata kidogo. Hakuomba wimbo. Alisimama pale nyimbo kadhaa akitazama vidole vya Koku.

"Dada Koku," akasema, "nimeona unavyoutua. Nipe kigoda. Kacheze."

"Ukiikwaruza je?"

"Nikiikwaruza, unipige nayo."

Koku alimtazama Baba. Baba alikuwa na mrija mdomoni na hakuwa akivuta. Kisha dada yangu akasimama.

Sina namna ya kueleza alivyocheza. Vumbi lenyewe liliinuka kutazama. Akina mama wa ukutani waliacha mazungumzo, mmoja akamuuliza Mama kwa sauti, "Huyu mlikuwa mmemficha wapi?" Wimbo ulipokaribia kuisha sote tulikaza meno tukingoja kukwaruza. Hakukuwa na kukwaruza. Faustini aliuinua mkono kwa vidole viwili, jasho likimtiririka, akautua tena mwanzoni: wimbo ule ule. Ulipoisha, akaurudia. Na tena.

"Wewe Faustini!" watu wakapiga kelele. "Huna mwingine?"

"Ninazo nyingine," akajibu bila kuinua macho. "Huu ndio anaoucheza."

Baada ya siku ile posa zilikuja nyumbani kwetu mpaka mbwa akachoka kubweka. Koku alizikataa zote akamtaja Faustini. Baba alinuna msimu mzima. "Mtu mwenyewe hata kucheza hajui!" alifoka. Koku akamjibu kwa adabu, "Lakini anajua kukaa, Baba." Mama alitoka nje kucheka. Mwishowe Baba alikubali, na baada ya miaka michache alikuwa akiwaambia watu kwamba aliichagua santuri ya mkono kwa makusudi, kwa kuwa aliona mbali.

Juzi juzi nilikuwa Omurushaka kwenye harusi ya kitinda mimba wa Koku na Faustini. Ukumbini kulikuwa na spika ndefu kama migomba na kijana mmoja mwenye kompyuta, ambaye muda mwingi alikuwa akila. Nyimbo zilifuatana bila mwanya, mmoja ukiingia mwingine haujatoka. Siubezi wakati huu. Hata mimi, niliyemaliza shule kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto, simu yangu hunichagulia nyimbo mpaka nalala, na hakuna msichana anayefungwa kwenye kigoda. Koku alicheza tangu tulipoingia. Faustini alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, akimtazama, hana cha kumfanyia.

Koku akamwendea yule kijana. "Mwanangu, simamisha kidogo."

"Mama, zinaendelea zenyewe, usiwe na wasiwasi."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

Ukumbi ukanyamaza, watu wakageuka wakidhani umeme umekatika. Katika kimya kile dada yangu alivuka ukumbi mzima, akasimama mbele ya kile kiti, akainama. "Baba Aneti," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "unaofuata tucheze wote." Faustini akainuka. Alicheza vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona Kagera nzima, na hapa sijatia chumvi hata chembe.