Mashimo Yasiyo na Mwenyewe

Nianze na lile ambalo watu huniuliza mwisho. Hapana, haikuwa usiku. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, na miye mzima wa afya, nimetoka kunywa chai. Nitaeleza nilivyoona, kwa utaratibu uleule. Kuamini ni juu yako, lakini miye nilikuwapo.

Mdogo wangu Mize ameolewa Vitongoji. Kwetu ni Mtambile, watu wa karafuu. Bahari tunaijua ikishafika kwenye mchuzi. Mize alijifungua mtoto wa kike na maziwa yakawa hayatoki. Mtoto ananyonya, anaachia, analia mpaka sauti inamkauka. Kituo cha afya walitwambia asiache kumweka kifuani, na mama ale vizuri, tena turudi haraka tukimwona mtoto ananyong'onyea. Mkwewe, Bi Raya, akasema kwao mzazi wa namna hiyo hupewa supu ya pweza. Mume wa Mize alikuwa dago, yaani amekwenda na wenzake kupiga kambi ya uvuvi mbali. Bi Raya mwenyewe magoti yameshamkatalia. Nikabaki miye.

"Weye utamvua pweza?" Bi Raya akanicheka. "Atakuvua yeye."

Sasa, miye siingii mahali bila kupanga. Nikafungua simu nikaitazama pwani ya pale kwa picha za kutoka juu: mwamba ulipo, mchanga ulipo, mikondo inapopita. Kisha nikachukua ndoo nikaenda bombani, kwenye wanawake, kuuliza. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba shimo la pweza lina mwenyewe. Pweza akitolewa, mwengine huja akahamia shimo lilelile, kwa hiyo shimo ni mali kama mkarafuu. Mama humwonesha bintiye, na binti hamwoneshi hata wifi yake. Niliwauliza pweza wako wapi. Wote wakanitazama kama nimewaomba funguo za nyumba.

Nikageuza swali. Nikawaambia, basi nambieni nisipite wapi, nisije nikagusa mashimo ya mtu. Hapo midomo ikafunguka.

"Kushoto kwa mikoko ni kwa kina Bi Time."

"Mbele ya vigingi vya mwani ni kwangu," akasema mwengine, mama mnene mcheshi. "Nikikukuta huko n'takuvunja hiyo miguu ya kukwelea mikarafuu."

Wakacheka, nami nikacheka. Kila walipotaja mahali, nikapaondoa kwenye picha yangu. Mwishowe pakabaki mahali pamoja tu: ulimi wa mwamba uliotokeza mashariki, nyuma ya mkondo mwembamba. Hakuna aliyepataja. Nikafurahi kweli. Nimepata pasipo na mwenyewe, sitagombana na mtu. Weye ungefikiri nini?

Siku ya bamvua, maji yalipokupwa sana, nikachukua kikapu na chuma cha Bi Raya cha kuchomea pweza, nikashuka. Mkondo niliuvuka, maji hayafiki magotini. Kule kwenye ulimi yalikuwa ya vifundoni, maangavu, unaona mpaka kaa anavyojificha. Nikawa natafuta alama niliyofundishwa: maganda ya kaa na vijiwe vimekusanywa mlangoni mwa shimo, kama jaa la nyumba ya mtu mvivu. Sikuona kitu.

Nilipoinua kichwa, palikuwa na mwanamke mbele yangu. Mtu mzima kidogo, kanga mbili, kikapu kichwani amekishika kwa mikono yote miwili. Sikumwona akija, lakini hilo silihesabu, nilikuwa nimeinama. Ninalolihesabu ni mwendo wake. Alikuwa anatembea polepole, anatanguliza bega moja kisha la pili, kidevu amekiinua, kama mtu anayekata maji ya kifuani. Na maji, nakwambia, yalikuwa ya vifundoni. Kanga yake imerowa mpaka kwapani.

Nikadhani ni mgonjwa wa viungo. Nikamsalimu.

"Asalaam aleikum, bibi."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Weye mgeni."

Waliokwambia viumbe wale hawaitikii salamu wamekudanganya. Aliitikia vizuri kuliko watu wengi. Nikamweleza shida yangu, mtoto na maziwa. Akanionea huruma, niliiona usoni mwake. Akaashiria kwa kidevu, maana mikono haikushuka kikapuni. Nikachoma pale. Pweza akatoka, mzuri, mikia yake ikanizunguka mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikamtia kikapuni, nikashukuru.

"Huyo mdogo," akasema. "Mbele kuna mkubwa wake. Njoo."

Nikamfuata. Tulikwenda vipi na kwa muda gani, hilo siwezi kulieleza sawasawa, na sitaki kulitungia. Ninachokumbuka ni uchovu. Miguu ilikuwa mizito, pumzi fupi. Halafu nikagundua kuwa kikapu changu kiko kichwani, nimekishika kwa mikono yote miwili, kidevu juu, natanguliza bega moja kisha la pili. Nikatazama chini. Maji ya vifundoni.

Nikageuka nyuma. Ule mkondo niliouvuka ulikuwa umeshageuka rangi, umekuwa buluu nzito, na unapanuka.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Maji yanajaa!"

Hakugeuka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo la kawaida, "Yalishajaa, mwanangu. Yalijaa zamani."

Nilikitupa kikapu. Nikisema nilikitupa, elewa nilitupa nini: supu ya mdogo wangu, na mtoto ninayemsikia akilia hata nikiwa baharini. Nikakimbia. Mkondoni maji yalinifika kifuani, ya kweli sasa, yana nguvu, yananivuta kando. Kuogelea sijui. Nilijisukuma kwa mikono yote miwili mpaka vidole vya miguu vikapata mchanga. Ningekuwa nimekishika kikapu, nisingekuwa naandika haya.

Nilifika nyumbani mikono mitupu. Bi Raya alikuwa barazani, anapepeta mchele. Nikamsimulia. Nilipotaja ule ulimi wa mwamba, ungo ukasimama mikononi mwake.

"Kikapu alikuwa nacho kichwani?"

"Alikuwa nacho."

"Basi hakukitupa," akasema. "Huyo ni Saumu, mdogo wangu. Yale mashimo yalikuwa yake. Maji yalimzunguka, sisi tuko ng'ambo ya mkondo, tunampigia kelele akitupe aipate mikono yake. Kilikuwa kimejaa. Nyumbani ana watoto. Hakukitupa." Kisha akaniuliza, "Na chako?"

"Nilikitupa, bibi."

"Alhamdulillahi."

Mwili wake haukuonekana, na Bi Raya hakukubali asomewe hitima. Miaka yote akisema huenda chombo kilimwokota kikampeleka bara. Na mashimo ya marehemu, kwa desturi ya pale, hayachomwi wala hayatajwi mpaka mwenyewe asomewe. Ndiyo maana bombani kila mtu aliyaruka. Miye, kwa adabu yangu na mpango wangu mzuri, nikachukulia kwamba kisichotajwa hakina mwenyewe.

Jioni ile Bi Raya mwenyewe alimwita shehe. Kesho yake ikasomwa hitima, na wanawake wa bombani wakaja wote. Mama mnene wa vigingini alikuja na bakuli limefunikwa kanga. Bi Time naye. Kila mmoja ameleta pweza wa shimo lake, na hakuna aliyesema ametoka wapi. Mize alikunywa supu ile kwa machozi. Siku zilizofuata maziwa yakaanza, kidogo kidogo, kisha yakatosha. Mtoto wamempa jina Saumu.

Miye nimerudi Mtambile. Sina ndoto mbaya, sina homa. Kuna jambo moja tu. Mvua ikinyesha, nikakanyaga dimbwi la barabarani, mikono yangu huinuka yenyewe kuelekea kichwani. Nikiwa mbele za watu huishusha, nikajifanya natengeneza mtandio.

Kwa hiyo, ukienda kuvua pwani usiyoijua, waulize wenyeji mashimo ya nani yako wapi, ni adabu. Lakini wakimaliza, tazama ni wapi wameparuka wote, uwaulize habari za hapo kabla hujavua viatu. Na kikapu chako, hata kikiwa na nini ndani yake, kishike kwa mkono mmoja.