Sindano za Kaka Yangu

Sindano ya kwanza ya kaka yangu niliichoma mimi. Nilikuwa muuguzi mjini Shinyanga, miaka ya themanini mwanzoni, naye alikuwa mbeba marobota katika kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuja kwangu Jumapili baada ya misa, akaketi, akatoa mfukoni kichupa kilichoviringishwa kwenye leso.

"Mdogo wangu, nichome hii. Ni vitamini."

Maandishi ya kichupa yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Dawa yenyewe ilikuwa nzito, ya mafuta.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa dereva wa lori. Wenzetu wa Mwanza wote wanaitumia. Unadhani yule aliyenishinda mwaka jana alikula nini, michembe?"

Nilicheka, kwa sababu michembe ndiyo iliyomkuza yeye. Viazi vile vilivyokaushwa, maziwa ya mgando, karanga, na vyuma alivyojitengenezea mwenyewe kwa mhimili wa gari bovu na magurudumu ya mashine. Kwa vitu hivyo tu alikuwa ameshinda shindano la kutunisha misuli pale mjini. Mama alikuja kutoka kijijini kwetu Samuye kumtazama, na alipomwona mwanawe jukwaani amevaa kichupi mbele za watu, alijifunika uso kwa khanga mpaka makofi yalipokwisha. Mwaka uliofuata alishindwa na mtu wa Mwanza.

Basi nikachemsha bomba la sindano kwenye sufuria, nikamchoma. Wiki iliyofuata akarudi. Nikamchoma tena. Baadaye nilimfundisha kujichoma mwenyewe, maana nilichoka kuulizwa na majirani kaka yangu anaumwa nini kila Jumapili.

Alivimba kama unga uliotiwa hamira. Shingo ilijaa, mashati yakamkataa. Tena ilikuwa miaka ya foleni, sukari kwa kibaba, sabuni kwa kipande, na kila mtu mkanda wake umeongezewa tundu. Mwili kama ule ulikuwa lazima uwe na maelezo. Wengine walisema ni mlanguzi, ana maficho ya vyakula. Wengi walisema amechanjwa samba, dawa ya kumfanya mtu avutie na kuogopwa. Hayo hayakuwazuia kumshangilia. Aliposhinda tena, ukumbi mzima ulisimama, na mwanamke aliyekaa nyuma yangu akamwambia mwenzake, huku akipiga makofi, "Samba ya namna hii haiji bure. Kuna mtu ameliwa."

Wifi yangu alikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto. Siku moja alinikuta hospitalini, akanivuta pembeni.

"Wifi, wanasema mume wangu ametoa watoto wetu ili apate mwili. Mimi siamini. Nipeleke nipimwe. Kama kasoro ni yangu, niijue."

Daktari wetu alimpima, hakuona kasoro. Akataka kumwona mume. Mume akakataa kuja. Ndipo nikampelekea kichupa kimoja nilichobaki nacho. Daktari alikishika kwenye mwanga wa dirisha, akasoma.

"Hii ni homoni ya kiume. Huwa tunawapa wagonjwa waliokonda sana, kidogo na kwa muda. Mwili ukiona unaletewa ya nje, unaacha kutengeneza yake. Mbegu zinakauka. Nani anamchoma?"

Alinitazama kidogo, akanirudishia kichupa, wala hakuniuliza tena.

Jioni hiyo nilimwendea kaka nikamweleza yote. Nilitegemea atakasirika, maana siku zile alikuwa mwepesi wa hasira, alishavunja mlango kwa sababu ya chai iliyopoa. Hakukasirika. Alikaa kitandani, mikono juu ya magoti.

"Nikiacha nitakuwa nani?" akaniuliza. "Mbeba marobota nani anamjua? Sasa nikipita, watu wanasimama."

Hakuacha.

Miezi michache baadaye ndugu wa wifi walikuja Samuye, nyumbani kwa mama, kuuliza kwa nini binti yao hazai. Tulikaa uani, wanaume kwenye vigoda, sisi wanawake chini. Shangazi wa wifi ndiye aliyesema. Hakumtaja kaka. Alimwelekea mama. Alisema samba ya mtoto wa kiume hufungwa na mama yake, na kwamba macho yale mekundu kila mtu ameyaona.

Mama alikuwa na macho mekundu kwa sababu alipikia samadi kavu, kuni zikiwa zimekwisha katika eneo letu. Lakini kwetu macho hayo huhesabiwa alama ya mchawi, na kila aliyekuwa pale alijua maneno yale hupeleka wapi. Wazee wa kike walikuwa wakikatwa mapanga majumbani mwao kwa maneno machache kuliko yale.

Nilisimama. "Si samba. Ni sindano. Mimi ndiye niliyemchoma."

Mjomba wa wifi alitabasamu kwa huruma. "Mwanangu, unamtetea mama yako, ni vizuri. Lakini sindano ya hospitali inazuia kuzaa? Basi kijiji hiki kizima kingekuwa tasa."

Watu wakaguna kukubali. Ndipo kaka alipoinuka, akavua shati.

Mimi nilimzoea akiwa amepakwa mafuta, chini ya taa. Pale uani, mchana, mgongo wake ulikuwa umejaa majipu na makovu. Akageuka. Chini ya kifua kile kilichoshangiliwa, chuchu zilikuwa zimevimba kama za msichana anayevunja ungo. Hakuna hata mtoto aliyecheka.

"Tazameni vizuri," alisema. "Samba gani inamfanya mtu hivi? Nimejidunga mwenyewe kwa sababu nilipenda kupigiwa makofi. Mayu huyu, mama yetu, hajamroga mtu. Na mke wangu hana kosa lolote, asije akasingiziwa huko aendako."

Kisha akalia wima, shati mkononi.

Mama hakuguswa. Hilo nilishukuru, nashukuru mpaka leo. Wifi aliondoka na ndugu zake hata hivyo. Alinikumbatia, hakumlaani mtu. Aliolewa Kahama, akazaa.

Kaka aliacha sindano. Mwili ulimporomoka kwa miezi kadhaa, nao moyo ukaporomoka pamoja nao. Alikaa siku nzima ndani hasemi, tukawa tunaficha kamba. Mjini walisema samba imemkimbia. Waliomshangilia walimpita bila salamu. Alihamia Samuye kuchunga ng'ombe wa mama, hakuoa tena.

Vijana wa mjini waliendelea kumfuata kule kwa baiskeli, wakitaka siri ya mwili ule. Wanamwamkia, "Shikamoo," anaitika marahaba, anawapa maziwa, anawaeleza habari za sindano mwanzo hadi mwisho, na mke aliyempoteza. Niliwahi kuwasikia wakiondoka. Mmoja alisema, "Mzee mchoyo yule. Dawa yenyewe hataki kututajia."

Nilibaki uani na kaka. Nilitaka kumwomba msamaha, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku moja. Nikamwomba.

"Ningepata mtu mwingine wa kunichoma," akasema.

Huenda. Lakini alinipata mimi, na mimi nilikuwa na sare ya hospitali, ndiyo maana aliniamini.