Mtihani wa Migongo wa Bu Lasmini

Pale Sukoharjo watu walimsifu sana Mbok, yaani Mama, Painem kwa adabu. Kila akipita mbele ya wakubwa ameinama, kama desturi ya Java inavyotaka. Hawakujua kwamba hana namna nyingine. Miaka na miaka ya kubeba chupa za jamu mgongoni, akiuza dawa ile ya mizizi nyumba hadi nyumba, ilimpinda akabaki hivyo hivyo. Watu aliwajua kwa sauti na kwa miguu yao.

Binti yake Lasmini alikua akiuonea hasira ule mgongo. Akasomea michezo, akawa mwalimu, akaitwa Bu kwa heshima, akang'ang'ania mpaka akapewa kipindi cha kuwafundisha vijana wa sekondari kutunza uti wa mgongo: kukaa, kubeba begi, kunyanyua mzigo. Mwalimu mkuu, Pak au Bwana Wignyo, alikubali shingo upande.

"Tutawapima, Bu. Wakifeli, kipindi kinarudi kwenye gwaride."

Maswali Lasmini aliyatunga mwenyewe. La kwanza: "Kuinamisha mgongo ni vizuri au vibaya?" Karibu darasa zima likajibu: vizuri.

Pak Wignyo alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Mhula mzima, Bu Lasmini! Si bora wangepiga gwaride?"

"Kosa ni langu, Pak. Mtoto gani aliyelelewa hapa ataandika kwamba kuinama ni vibaya? Nimewauliza adabu nikidhani nimewauliza mgongo. Nipe nafasi moja tu, uwapime kwa macho yako."

Kesho yake Lasmini akamkalisha mkuu kwenye kiti barazani, shule nzima ikitazama. Kila kijana apite mbele yake, akachukue dumu kubwa la maji mwisho wa baraza, arudi nalo. Wa kwanza alikuwa Ratri, ambaye kwenye karatasi alishika mkia. Alimpita mkuu ameinama hasa. Alipofika kwenye dumu akachuchumaa, akalikumbatia kifuani, akainuka kwa nguvu za miguu, mgongo umenyooka. Lasmini nusura apige vigelegele. Kumbe alikuwa amesahau jambo moja: mtoto lazima ampite tena mkuu, na sasa ana mzigo.

"Inama, we!" akanong'ona mwenzake. "Utatuponza!"

Akiinama na lile dumu, kipindi kimekufa. Asipoinama, amemvunjia mkuu heshima mbele ya shule nzima. Lasmini alitamani ardhi immeze.

Ratri alisimama, akainamisha kichwa tu.

"Niwie radhi, Pak. Mgongo wangu una mzigo. Nikishautua, nitakuinamia mara mbili."

Pak Wignyo akanyanyuka na kusogeza kiti mwenyewe.

"Pita, mwanangu," akasema. Akamgeukia Lasmini. "Haya Bu, kipindi ni chako. Gwaride litajitafutia siku."

Lasmini alijivuna, na kwa nini asijivune? Jioni alimsimulia mama yake, akamaliza, akaanza upya. Mbok Painem alisikiliza akiangalia sakafu, kama kawaida yake.

"Mlete huyo binti," akasema. "Nataka kumwona uso."

"Utamwonaje, Mbok?"

"Nitalala chali. Siku hiyo hana mzigo, ataniinamia."