Kwa Mama Hakuna Kurudia

Mgahawa wetu ulikuwa na sheria moja, na haikuandikwa popote kwa sababu kila mtu aliijua. Unaingia, unanawa mikono kwenye dumu lenye bomba pale mlangoni, unachukua sahani, unapita mbele ya sufuria na kujipakulia chochote unachotaka, kwa wingi unaotaka. Lakini unapita mara moja. Ukishakaa, umekaa. Hata kama umesahau maharage, hata kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaletwa wa moto ndiyo kwanza unaweka kitako, watazame tu. Mwenye mgahawa, mama mnene wa miaka sitini na kitu, alisimama mwisho wa meza na mwiko mkononi, na macho yake hayakutoka kwetu.

Sheria kama hiyo inazaa mafundi. Mgeni akiona sahani za mji wetu wa Gisenyi anadhani tuna njaa ya miaka. Si njaa, ni ujenzi. Chini unaweka viazi vya Kanama, kwa sababu ni vigumu na havisambai. Ndizi unazisimamisha pembeni ziwe ukuta. Wali unaumwaga katikati, maharage yanaushika usitikisike, sombe, yale majani ya muhogo, inafunika paa, na sambaza unawachomeka kwenye kila ufa uliobaki. Nyama, kama ipo, inakaa juu kabisa ili majirani waione. Niliweza kubeba mnara huo kutoka mezani hadi kiti cha dirishani bila kudondosha samaki hata mmoja, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia hilo kuliko cheti changu chochote.

Mwenzangu wa ofisini, aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili chake kilichopigwa pasi, alipofika pale mara ya kwanza alijipakulia kistaarabu. Wali kidogo, mchuzi kidogo, akijua ataongeza. Alipoinuka na sahani tupu, wote tuliweka vijiko chini tutazame.

"Baba, kaa," mama akamwambia. "Hapa hakuna kurudia."

"Samahani sana mama, nilidhani..."

"Ulizania. Kesho utakuya na akili."

Kesho yake alikuja na akili, akaondoka anashikilia mkanda.

Mimi na huyo mwenzangu ni madeklara. Tunaandaa karatasi za malori yanayovuka mpaka pale Grande Barrière kwenda Goma, na lori likikwama tunakwama nalo. Kazi hiyo inakupa mdomo mkali na saa za kula zisizoeleweka. Tena mimi ni mwanamke nisiyejua kupika. Mama yangu alijaribu, shangazi zangu walijaribu, wote wakanawa mikono. Kwa hiyo kwa miaka yote niliyofanya kazi pale mpakani, aliyenilisha ni mama wa mgahawa. Ninasema hivi ili ueleweke mshtuko wangu siku aliposimama mwisho wa meza yake, saa ya watu wengi, akagonga sufuria kwa mwiko na kusema:

"Bon, munisikilize bote. Mwisho wa mwezi nafunga."

Akarudi jikoni. Basi, hivyo tu.

Sasa, mji mwingine mtu angemfuata jikoni na kumuuliza kwa nini. Sisi hatufanyi hivyo. Sisi, jambo la mtu hatumuulizi mwenyewe, tunamuuliza jirani yake, na jirani kama hajui anatunga. Kabla chai ya jioni haijachemka, mgahawa ulikuwa umefungwa kwa sababu chungu nzima. Mwendesha pikipiki anayeegesha pale mbele alisema ni ule ufa wa ukutani ulioachwa na matetemeko, nyumba inataka kuanguka. Mwenzangu alisema ni kodi ya pango. Wengine walisema mwenye nyumba amepata tajiri wa kujenga hoteli ya kutazama ziwa, ingawa pale ziwa halionekani mpaka upande juu ya bati. Kuna aliyesema mama ameokoka upya. Mimi nilisema ni panya, na nilisema kwa uhakika mkubwa, sijui niliutoa wapi.

Kutoka hapo tukahamia kwenye swali tamu zaidi: patakuwa nini? Hilo lilitushughulisha mpaka mwisho wa mwezi. Jumamosi ya mwisho tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tukizibua mtaro uleule unaopita mbele ya mgahawa, kila mtu na jembe lake. Baada ya kazi ukaja mkutano kama kawaida. Kiongozi wa mtaa alipouliza kama kuna lingine, mwendesha pikipiki akanyoosha mkono, na mkutano ukageuka soko.

Yeye alitaka pawe pa mishikaki na televisheni kubwa ya mpira. Kina mama wa kwaya walitaka chumba cha mazoezi, na walipoambiwa kwamba kwaya inapiga kelele walisema mpira je. Kijana wa duka la simu alitaka mkahawa wa watalii, wenye kahawa iliyochorwa moyo juu ya maziwa. Mzee mmoja akauliza ni kwa nini mtu achore kahawa halafu ainywe. Mwenzangu, kwa Kiswahili chake cha pasi, akapendekeza maktaba ndogo, na watu wakampigia makofi ya heshima kisha wakaendelea na mishikaki. Mimi nilimkaripia kila mmoja kwa zamu. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa ya tumbo: wote hao walikuwa wanagawana chumba, na mimi Jumatatu nitakula wapi?

Mama mwenyewe alikuwa amekaa nyuma kabisa, juu ya jiwe la volkano, jembe likiwa mapajani. Tulikuwa tumesahau kwamba yupo. Akainua mkono taratibu.

"Na mimi niseme," akasema. "Munauliza hapa kutakuwa nini. Hakuna mwenye ameniuliza ju ya nini nafunga."

Mwendesha pikipiki akaanza kusafisha jembe ambalo lilikuwa safi.

"Nyumba iko muzuri. Panya haiko." Hapo alinitazama mimi. "Mi nafunga ju nachoka na chakula yangu. Kila siku sombe yangu, maharagi yangu. Najua ile chumvi mbele haijafika mu mulomo. Tangu nimefungua ule mulango, hakuna hata mutu mumoja ameniita kwake kula. Harusi, munaniita na sufuria. Ubatizo, na sufuria. Kilio, na sufuria. Mi nataka siku moja nikae pa kiti kama batu, mutu anipikie, nifunike macho, nisijue ndani iko nini. Njo ile tu."

Ilikuwa kweli. Na hatukufanya hivyo kwa ubaya. Tulimwogopa. Nani angethubutu kumwekea mbele sombe mwanamke yule? Ingekuwa kama kumshonea gauni fundi cherehani. Kila nyumba pale mtaani, mtu alipopendekeza kumwalika, mwingine alisema, wee, atatucheka, mwambie afike na sufuria moja, itapendeza. Na kwa heshima hiyo yetu, mwanamke aliyelisha mtaa mzima alikuwa hajawahi kuwa mgeni wa mtu. Niliumia moyo, niseme ukweli. Niliumia, kisha nikakasirika tena, safari hii kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama majembe akingojea mwingine aseme.

Hasira zangu zina kasoro moja: zinatoka mdomoni kabla ya akili kufika.

"Kesho kwangu!" nikasema kwa sauti. "Mama, kesho baada ya misa, unakula kwangu."

Mtaa mzima ukageuka kunitazama.

"Yebaba we!" mwendesha pikipiki akasema. "Mama, umesema unataka kupikiwa. Haukusema unataka kufa."

Walicheka mpaka kiongozi wa mtaa akaahirisha mkutano. Lakini mama hakucheka. Alinyanyuka kutoka kwenye lile jiwe, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Nitakuya."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilielewa nimejiingiza wapi. Nikiharibu chakula kile, hakuna atakayethubutu tena kumwalika. Watasema si mliona, na watarudi kwenye ubatizo na sufuria, na yeye atazeeka akila chumvi yake mwenyewe.

Jumapili niliwasha mbabula, jiko langu la mkaa, alfajiri. Maharage, viazi na kabichi, nilijiambia. Hivi hata mtoto anapika. Mwenzangu alikuja kunisaidia, maana yake alisimama mlangoni mikono mfukoni akitoa ushauri.

"Kwetu kule tungeweka tui la nazi," akasema.

"Nazi nitaitoa wapi, ziwani?"

"Nasema tu, dada yangu. Linaongeza ladha."

Wakati tunabishana kuhusu nazi, simu ikalia: lori la saruji limezuiwa, karatasi ina kasoro. Nikatoka uani kuongea. Wanaonijua wanajua kwamba nikiongea habari ya lori hata moto wa nyumba siuoni. Niliporudi, mwenzangu alikuwa bado mlangoni, mikono mfukoni, ananusa.

"Nadhani yameshika chini," akasema kwa upole.

Nilikimbia. Yalikuwa yameshika chini, pembeni, na katikati. Nikaongeza maji, na kwa sababu maji yanapunguza ladha nikaongeza na chumvi, halafu nikasahau kama nimeongeza, nikaongeza tena. Viazi navyo vilikuwa vimechoka kungoja vikapasuka. Nilitaka kulia. Nilifikiria kukimbilia sokoni ninunue chakula cha mtu mwingine na kukimimina kwenye sufuria zangu, na ningefanya hivyo, lakini mama akabisha hodi.

Alikuwa amevaa kitenge cha misa na kilemba chake kikubwa, mkoba mdogo kwapani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila aproni. Nilimkaribisha kwenye kiti kizuri, akakaa, na mikono yake haikujua iende wapi. Aliiweka mapajani, akaipanga mezani, akaificha chini ya meza. Mwisho akashika mkoba, akautuliza kama mtoto. Macho yake yakaenda kwenye mlango wa jikoni.

"Mwana yangu," akasema, "kuko kitu inaungua."

"Hakuna kitu, mama."

"Mi nasikia harufu."

Akaanza kunyanyuka. Nikasimama kati yake na mlango, na nikajishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwangu.

"Mama, kaa. Hapa hakuna kuingia jikoni."

Akanitazama. Kisha akakaa, na mabega yake yakashuka.

Tulileta sufuria mezani, nikampa sahani ajipakulie. Hapo nikagundua kitu cha ajabu: hakujua. Miaka yote alisimama upande wa pili wa meza, hakuwahi kupita kwenye foleni. Alichukua kiazi kimoja kilichopasuka, maharage kidogo, kabichi kidogo, akarudi kwenye kiti kwa adabu, kama mwenzangu siku ile ya kwanza. Hakuna mnara, hakuna ukuta. Nikajua ananihurumia, nikatamani ardhi ipasuke.

Akapiga ishara ya msalaba. Akatia kijiko cha kwanza mdomoni na kutafuna polepole, macho amefumba. Mwenzangu alitazama dari. Mimi nilitazama mkono wa mama, maana uso sikuweza.

"Chumvi iko mingi," akasema.

"Pole, mama."

"Na maharagi imeungua."

"Pole sana, mama."

Akafumbua macho, na niliona ana machozi, na anacheka.

"Sikujua," akasema. "Unasikia? Sikujua chumvi yake mbele ya kula. Siku ya kwanza mu maisha yangu."

Akaendelea kula. Alikula maharage yale yenye moshi mpaka ya mwisho, akafuta sahani kwa kipande cha kiazi, akaiweka mezani. Akatazama sufuria. Akatazama mlango, halafu mwenzangu, halafu mimi. Mkono wake uligusa sahani, ukaiacha, ukaigusa tena, na mwanamke aliyekuwa akitunyamazisha wote kwa jicho moja alishusha sauti kama anayeomba kitu dukani bila hela.

"Kwako," akauliza, "batu banarudia?"

Nikaichukua ile sahani mbele yake, nikaanza ujenzi, viazi kwanza.