Mama Gundi na Bahasha ya Mshonaji
Kila jioni, kabla ya kutoka kazini, Mama Gundi aliumwaga mkoba wake juu ya meza ya mlinzi. Leso, miwani, funguo, kipande cha mkate alichosaza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mlinzi mwenyewe alikwishachoka.

"Mama, miaka yote hii! Hata ukiiba, utaiba nini humu? Vumbi?"

"Wewe chungulia tu, mwanangu. Macho hayana pazia."

Kazi yake ilikuwa kuponya karatasi za zamani katika jumba la nyaraka. Alipika gundi ya wanga kwenye kisufuria, akaipaka kwa brashi laini, akaunga barua zilizoliwa na mende. Jina likamganda hapo hapo.

Mwaka ule zililetwa barua za mwandishi mashuhuri aliyekwishafariki. Watu walimwandikia kumuuliza habari za sheria na wema: je, lililo halali laweza kuwa ovu? Naye aliwajibu kwa mkono wake, kwa wino wa buluu, herufi zimeinama kama watu wanaopanda mlima.

Barua tatu zilitoka kwa mshonaji mmoja wa nguo. Aliapa mahakamani kwamba kaka yake alikuwa nyumbani siku ya wizi, na haikuwa kweli. Kaka akaachiwa, akatulia, akaoa. "Nimemwokoa mtu, au nimejipoteza mwenyewe?" Aliuliza mara tatu, kila mara mwandiko ukizidi kuwa mdogo.

Chini kabisa ya kasha la barua hizo ilikuwapo bahasha yenye jina na anwani ya mshonaji huyo, kwa wino uleule wa buluu. Stempu imebandikwa, mdomo umefungwa, haijapata kutumwa wala kufunguliwa. Tarehe iliyoandikwa nyuma yake ilikuwa ya siku mbili kabla mwandishi hajafa.

Jumamosi Mama Gundi aliifuata ile anwani, sketi ya kupunguza mkononi. Mshonaji alikuwapo bado, kichwa cheupe kwa mvi, cherehani yake ikipiga kelele kumzidi.

"Sketi haina shida, dada. Ni wewe uliyekonda."

"Basi ifanye ifanane na mimi."

Wakacheka. Ukutani palikuwa na picha iliyobandikwa imegeuzwa, uso umeelekea ukuta.

"Nani huyo uliyemnunia?"

"Mwandishi. Nilimuuliza jambo akaninyamazia. Kimya nacho ni jibu, dada. Nimelala nalo miaka thelathini."

Mama Gundi aliiacha sketi mezani, bahasha asiitaje. Humnusishi mtu harufu ya chakula usichoweza kumpakulia.

Jumatatu alimwendea mkuu wa jumba, akaomba ile bahasha apewe mshonaji. Mkuu hakuwa mtu mbaya, alimvutia kiti.

"Sheria ni sheria, mama. Kilichoingia humu hakitoki. Tutaifungua Ijumaa mbele ya wageni, isomwe kwa sauti."

"Na mwenyewe?"

"Tutamwalika."

"Aje asikilize siri yake pamoja na wageni?"

Mkuu aliichomeka kalamu yake mfukoni. "Sikuzitunga mimi hizi sheria, mama."

Alhamisi Mama Gundi alimaliza barua iliyokuwa mezani; hakupenda kuacha kiraka nusu. Akaosha brashi, akaitundika. Akakunja aproni, akaiweka kwenye kiti. Kisha akaenda kuumwaga mkoba kama kawaida. Leso. Miwani. Funguo. Bahasha.

Mlinzi aliacha kutafuna. "Mama. Nini hii?"

"Barua ya mtu. Nampelekea mwenyewe."

"Nikiandika hili kitabuni, hukanyagi tena hapa. Unajua?"

"Andika, mwanangu. Usije ukaponzwa na mimi. Andika na saa."

"Si ungeificha tu kifuani! Mimi ningeona wapi?"

"Ndiyo maana sikuificha."

Alivirudisha vitu mkobani kimoja kimoja, bahasha ikawa ya mwisho. Mlinzi alinyoosha mkono kwenye kitasa. Aliushikilia mlango kidogo, halafu akamfungulia.

"Nenda polepole, mama. Ngazi zina maji."

Alishuka akishika ukuta, akakata kona ya kwenda kwa mshonaji, na mlango wa jumba la nyaraka hakuuingia tena.