Mafuta ya Maombi Yamefuta Viza Zangu

Ndugu mhariri, jina langu naomba ulifiche, na majirani watakaonitambua kwa kisa hiki nawasihi wanyamaze.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, karani katika duka la jumla Eastleigh, na bado naishi na wazazi wangu hapa Eastlands. Huandika shajara kila siku tangu nilipokuwa kidato cha pili, kwa hivyo ninayoyaeleza sibahatishi.

Baba ni mchongaji wa vinyago. Mwaka juzi walifika karakanani kwake Wazungu wawili wenye mabegi makubwa mgongoni, wametoka Afrika Kusini hadi Nairobi kwa mabasi na malori. Walilijua Ziwa Malawi, waliijua Harare, hata ladha ya ndizi za Mbeya waliijua. Mimi sikuwa nimevuka hata mpaka wa Namanga. Nilimwambia rafiki yangu Wanjiru, mwalimu wa shule ya msingi, "Hawa wanapajua kwetu kuliko sisi." Akanijibu, "Basi si tutafute mabegi?" Tuliyapata soko la Gikomba, ya mtumba, langu likiwa na zipu moja mbovu.

Tulipanga nchi tano: Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini. Viza tulizotakiwa kuomba ni mbili, ya Msumbiji na ya Afrika Kusini, na safari lazima iwe Agosti, shule zikifungwa. Barua ya mwajiri, picha, fomu za nakala mbili mbili. Kwa wiki saba kila ruhusa niliyopewa kazini iliishia kwenye foleni. Tarehe 11 Julai niliandika shajarani: "Viza zote mbili zimo ndani ya pasipoti."

Mama hakutaka kusikia. "Msichana hajaolewa, anabeba gunia mgongoni kuzunguka nchi za watu kama chokora!" Siku mbili hakuniongelesha. Siku ya tatu akalegea. "Kama ni lazima uende, hicho kitabu kiombewe kwanza." Nilifurahi mno, maana kwa mama yangu hiyo ndiyo ruhusa.

Ushirika wetu wa kanisa hukutana nyumbani kwetu Jumapili alasiri. Pasipoti iliwekwa mezani juu ya kitambaa kizuri cha kufuma, kile cha wageni. Pasta wetu akapaka mafuta ya maombi jaladani. Mama akasema, "Pasta, fungua na ndani, hapo penyewe wanaposoma." Akafungua, akachora msalaba wa mafuta kwa kidole gumba juu ya kila viza. Nilikuwa nimefumba macho kama wengine. Nilisema amina.

Kesho yake asubuhi wino ulikuwa umetawanyika. Tarehe hazisomeki, namba hazisomeki, na mafuta yamepenya kurasa nne.

Kwenye ubalozi wa Afrika Kusini karani wa dirishani aliinua ile pasipoti kwenye mwanga. "Dada, hii ulifungia mandazi?" Foleni nzima ikacheka. Kisha akaacha mzaha. "Mpakani watakurudisha. Faili yako tunayo. Lete pasipoti mpya kabla ya mwezi kwisha, tutakuandikia viza upya." Msumbiji nao waliniambia vivyo hivyo.

Nikaenda idara ya uhamiaji kuomba pasipoti nyingine. Wanataka maelezo ya kiapo ya jinsi ya kwanza ilivyoharibika, pamoja na sahihi ya mdhamini wangu, yuleyule wa fomu ya kwanza. Mdhamini wangu ni pasta.

Aliposoma nilichoandika alivua miwani. "Binti yangu, unataka serikali isome kwamba mafuta ya Bwana yaliharibu kitu? Andika yalikuwa ya kupikia, nitie sahihi sasa hivi."

"Lakini pasta, hiki ni kiapo."

"Mafuta ni mafuta," akasema, akanirudishia karatasi.

Mama hajui lolote. Pasipoti nimeificha ndani ya shajara, na kila akiniuliza kama iko salama namjibu iko salama. Juzi, akinipigia pasi sketi ya safari, aliniambia, "Unajua siku hizi nalala? Nikikumbuka kile kitabu kilivyopakwa mafuta, nalala." Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Jumapili hii nimepangiwa kusimama kanisani kutoa ushuhuda wa viza zangu. Yeye ndiye aliyeomba nipangiwe.

Wanjiru hanielewi. "Aki wewe, andika ni mafuta ya chipsi, twende! Mungu si alikuwepo, si aliona?" Kisha akainamisha kichwa. "Nitakungoja hadi Ijumaa. Peke yangu siendi, na mwakani nitakuwa nimeolewa."

Nimejaribu kufikiri kwa utaratibu kama nilivyozoea, nikashindwa. Nikiapa uongo, nitasafiri nchi tano nikiubeba, na nitakuwa nimeanza kwa kusimama mbele ya kanisa kushuhudia viza zisizokuwepo. Nikiandika ukweli, pasta hatatia sahihi, mama ataambiwa kwa nini, na yeye aliyesema "fungua na ndani" hatapata usingizi tena. Nikinyamaza, Ijumaa itafika tu.

Fomu iko mbele yangu ninapoandika barua hii. Nimejaza jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi na makazi kwa mwandiko wangu bora. Imebaki mistari mitatu chini ya maneno "Eleza jinsi ilivyoharibika." Wasomaji, ninyi ambao si wa nyumba yetu wala wa kanisa letu, nisaidieni: hapo nijaze nini?